Aliyebaki Nyumbani

Binti yangu aliondoka kwenda Mbeya kuanza mwaka wa kwanza wa chuo, akaacha juu ya kitanda chake kitabu kinene chenye jalada lililochakaa. Kilikuwa Fangirl, riwaya ya Mmarekani Rainbow Rowell iliyotoka mwaka 2013. Nilikichukua nikidhani nitakirudisha kabatini. Badala yake niliketi pale pale kitandani nikaanza kusoma, na sitaficha kwamba sababu yangu ya kwanza haikuwa fasihi. Nyumba ilikuwa kimya, na nilitaka kujua mtoto wangu ameondoka na mawazo gani.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Cath na Wren ni mapacha wa mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Wanaanza chuo kikuu mjini Lincoln, mwendo wa takriban saa moja tu kwa gari kutoka kwao. Wren anamwambia pacha wake kwamba safari hii hataki walale chumba kimoja. Cath anajikuta akiishi na mtu asiyemjua, na kwa majuma ya mwanzo anakula siagi ya karanga na vyakula vya pakiti chumbani, kwa kuwa anaogopa kuingia bwalo la chakula. Hajui taratibu za mle ndani, na haya ya kuuliza inaishinda njaa. Nimefundisha mwaka wa kwanza muda mrefu, na sijapata kusoma mahali pengine palipoeleza kwa usahihi namna ile kwa nini baadhi ya wanafunzi wetu huwa wamekonda ifikapo Desemba.

Yamo mengine pia: kuna mapenzi, kama ilivyo ada ya vitabu hivi, na kuna hadithi ndefu ambazo Cath huandika kwa kutumia wahusika wa mwandishi mwingine anayempenda. Hizo kurasa nilizipitia haraka. Kilichonishika ni baba.

Mama wa mapacha hawa aliwaacha wakiwa darasa la tatu. Baba yao, Art, ana kipaji cha kubuni matangazo ya biashara, na ana maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha. Cath ndiye anayezijua dalili. Akiwa Lincoln humpigia simu na kuisikiliza sauti kuliko maneno, akipima kama mzee amelala, kama amekula, kama mawazo yameanza kumkimbia. Na siku inafika ambapo yale aliyoyahofia yanatokea: baba analazwa hospitalini. Cath anaacha kila kitu na kurudi Omaha, kisha anaazimia kutorudi chuoni kabisa. Ni baba mwenyewe, akiwa bado dhaifu, anayemshurutisha arudi.

Vitabu vingi vya kuondoka nyumbani huandikwa kana kwamba nyumba husimama pale mtoto anapofunga mlango. Mtoto anakwenda kujitafuta; wazazi wanabaki kama picha ukutani, wakimsubiri likizo. Rowell, ambaye mwenyewe ni mtu wa Omaha na alisoma Lincoln, hakudanganyika hivyo. Katika riwaya yake nyumba inaendelea kuishi, inaugua, inapiga simu usiku. Wren anaukimbia ukweli huo na Cath anaukimbilia, na sikuona kwamba mwandishi anamhukumu mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Mimi nilitoka Newala mwaka 1993. Wakati huo daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, na safari ya kwenda Dar es Salaam wakati wa mvua ilikuwa bahati nasibu. Tulilala njiani siku mbili tukisubiri zamu ya kuvuka mto Rufiji kwa pantoni. Marehemu mama aliniaga kwa maneno machache. Aliniambia paa la nyumba linavuja upande wa bibi. Hakuniomba chochote, ila nilielewa. Bumu langu la kwanza, yaani posho ya mwanafunzi kwa wasiolijua neno hilo, liligawanyika mara mbili, na sehemu kubwa ikawa mabati. Muhula mzima nilikula mlo mmoja kwa siku, na nikipita karibu na kafeteria nilitembea haraka kama mtu mwenye miadi. Kwa hiyo yule Cath na pakiti zake nilimfahamu, ingawa sababu zetu hazikuwa moja.

Ndiyo maana jambo ninalotaka kulieleza hapa linaniumiza zaidi. Mtu aliyetoka huko hakustahili kulisahau.

Mwaka juzi alikuja ofisini kwangu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti wa Masasi. Alikuwa amekosa jaribio la kati. Alisimama mlangoni, akaamkia, akasema alikwenda nyumbani kwa sababu ya baba yake. Nikauliza kama baba anaumwa. Akajibu, “Haumwi, Mwalimu, ila hayuko sawa.” Nikamtaka alete cheti cha hospitali. Akasema hakuna cheti, kwa kuwa baba hakupelekwa hospitali. Alikuwa akitoka usiku na kutembea mashambani, kwenye mikorosho, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine anayemsikiliza isipokuwa yeye. Nilimsomea kanuni. Kanuni zetu zinataka ushahidi wa maandishi kwa mtu aliyekosa mtihani, na sababu yake ni ya haki kabisa, maana ofisi yangu imewahi kupokea misiba ya bibi mmoja aliyefariki mara tatu. Nikamwandikia sifuri. Mwisho wa mwaka alishindwa somo langu kwa alama nne, akashindwa na jingine, na mwaka wa pili hakuonekana. Wenzake walitumia lile neno la vyuoni linalotamkwa kwa sauti ya chini: amedisko.

Katika Fangirl yupo mhadhiri anayeitwa Profesa Piper. Si malaika. Mwanzoni alimpa Cath alama ya kufeli kwa kazi ambayo kwake ilikuwa wizi wa maandishi, na katika hilo mimi niko upande wake. Lakini Cath anapoacha kuwasilisha hadithi yake ya mwisho, Piper hamfungii mlango. Anamwachia alama wazi na kumpa muhula unaofuata aimalize. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Kanuni zetu nazo zina kifungu cha kuahirisha. Sikukikumbuka siku ile kwa sababu sikutaka kukikumbuka. Ilikuwa saa tisa alasiri na nilikuwa na kikao.

Naweza kusema kwamba nilikuwa mtumishi wa utaratibu tu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Utaratibu wetu wote umejengwa juu ya dhana kwamba fedha na msaada hutoka nyumbani kwenda kwa mwanafunzi. Tazama namna tunavyogawa mikopo. Tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mwombaji hutakiwa kuonyesha hali ya familia yake: kazi za wazazi, vyeti vya vifo kwa yatima, mhuri wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Swali linaloulizwa ni hili: nyumbani wanaweza kukupa nini? Halipo la pili: wewe utawapa nini wa nyumbani? Na hilo la pili ndilo ambalo wanafunzi wengi niliowafundisha wanaishi nalo. Posho ya chakula na malazi, ambayo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku na baadaye ikafanywa 10,000, hesabu yake inamhusu mtu mmoja mwenye tumbo moja. Ikishaingia kwenye simu inakutana na ada ya mdogo wake, salfa ya kupulizia mikorosho, dawa za mzee. Kisha siku moja mwanafunzi huyo akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, na deni liko kwa jina lake. Familia iliyokula mkopo huo haikatwi.

Sisemi kwamba Bodi ianze kulipia mabati ya watu. Fedha hazitoshi hata kwa wanaostahili kwa vigezo vilivyopo, na kila anayefundisha anajua kuna waliopata mkopo huku magari ya baba zao yakiwasubiri getini. Ninachosema ni kwamba tunamhesabu mwanafunzi kama mtu aliyekwisha kuondoka, ilhali wengi wao hawajaondoka. Masasi ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Cath angeweza kwenda kumtazama baba yake na kurejea siku hiyo hiyo. Yule binti alihitaji siku mbili za barabarani na nauli ambayo, bila shaka, ilitoka kwenye ile posho.

Namba yake ilikuwa bado kwenye kundi la WhatsApp la darasa lile. Nilikaa nayo siku nne. Jumamosi nilipiga.

Aliitambua sauti yangu kabla sijajitaja. “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia, nikamuuliza hali ya baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema siku hizi analala. Wanampeleka kliniki ya wilaya, na dawa zikiwepo anapata. Yeye anauza nguo za mitumba sokoni. Nikamwambia kwamba katika suala la lile jaribio nilikosea, kwamba palikuwa na njia ya kumsaidia na sikuitafuta. Nilitegemea atanilaumu, nami nilikuwa nimejiandaa. Akasema, “Hata mimi sikueleza vizuri, Mwalimu.” Alikuwa ameeleza vizuri kabisa.

Kabla hatujaagana aliniuliza kama mtu aliyedisko anaweza kuomba tena, na kama akipata nafasi mkopo wake wa zamani utaendelea au ataanza upya, maana hilo la kuanza upya ndilo linalowatisha nyumbani. La kwanza nilimjibu. La pili sikulijua, mimi niliyekaa kwenye kamati za chuo miaka yote hii. Nikamwambia Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye dirisha la ofisi ya mikopo ya chuo, na kwamba nitampigia nikiwa bado pale.