Barua kwa Mpwa Kuhusu Kalori za Mazoezi

Kwa mpwa mpendwa,

Hili ni jibu la mjomba wake kwa swali alilouliza: iwapo mtu anayetaka kupunguza uzito, akishatembea saa nzima jioni na saa yake ya mkononi ikamwonyesha kuwa ametumia kalori 315, ana haki ya kuzirudisha zote mezani usiku huohuo. Jibu la mjomba ni kwamba hana, isipokuwa kwa sehemu ndogo tu, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa mapana kwa kuwa vijana wengi wenye bidii hukwama hapo hapo, kisha wakailaumu miili yao.

Kalori inayotajwa katika vyakula, ambayo kitaalamu huitwa kilokalori, ni kiasi cha nishati kinachotosha kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Gramu 1 ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kalori 4, ilhali gramu 1 ya mafuta huupa 9, na msingi wa vipimo hivyo uliwekwa na mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika hata mtu akiwa amelala, kwa kuendesha moyo, mapafu, ubongo, ini na figo, na matumizi hayo huitwa nishati ya msingi. Kwa mwanamume wa miaka 28 mwenye kilo 90 na urefu wa sentimita 172, kama alivyo mpwa, kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 huchukua kilo mara 10, ikaongeza sentimita mara 6.25, ikatoa miaka mara 5 na kuongeza 5, na jumla yake ni 1,840 kwa siku. Jumla hiyo ikizidishwa kwa 1.4, ambacho ni kizidishi cha mtu anayeshinda kitini lakini hutembea kidogo, hupatikana takriban 2,575, na mtu akila kalori 500 pungufu ya hapo huwa na nakisi, yaani pengo ambalo mwili hulazimika kuliziba kwa akiba yake ya mafuta.

Kosa la kwanza limejificha ndani ya kizidishi hicho. Matembezi ya kawaida yamekwisha kuhesabiwa humo, hivyo anayeyaongeza upya kila jioni anafanana na karani aliyeingiza stakabadhi moja mara mbili katika daftari la mapato, kisha akashangaa sanduku halina fedha. La pili ni kwamba zile 315 si faida tupu, kwa sababu mtu wa kilo 90 hutumia takriban kalori 90 kwa saa akiwa amekaa kwenye kochi, na kilichoongezwa na matembezi yenyewe ni kama 225 tu. Hapo bado saa haijatiliwa shaka: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017, vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini katika nishati hata kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Sababu ya tatu ndiyo inayovutia zaidi, na ushahidi wake umetoka Tanzania. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Watu waliopimwa walikunywa maji yaliyotiwa aina nzito za hidrojeni na oksijeni, na kasi ya aina hizo kupungua katika mkojo ikaonyesha ni nishati kiasi gani imetumika kwa siku kadhaa. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku, lakini tofauti ya ukubwa wa mwili ilipozingatiwa, jumla ya nishati yao haikuzidi ile ya watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu maana ya jambo hilo, ila uchambuzi mpana wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba, kwa wastani, asilimia 28 ya nishati inayoongezwa na shughuli hufidiwa na mwili kwa kubana matumizi mengine. Kwa hesabu hiyo, zile 225 za mpwa hubaki kama 160.

Sasa 160 hizo ziwekwe kando ya chapati. Chapati iliyosukumwa kwa gramu 60 za unga wa ngano ina takriban kalori 215 za unga pekee. Ikipakwa mafuta kabla ya kukunjwa, ikaongezwa mengine kikaangoni hadi ikameza kijiko kimoja cha mezani, zinaongezeka kama 120. Chapati moja ya mama ntilie, basi, imeishinda saa nzima ya barabarani mara mbili, kabla maharage ya nazi hayajafika mezani. Soda ya mililita 350 nayo, yenye karibu kalori 150, hunywewa kwa dakika tatu.

Ndiyo maana mjomba anashauri nakisi itoke kwenye sahani: chapati moja badala ya mbili, mafuta yapimwe kwa kijiko wala yasimiminwe kutoka kwenye dumu, ugali upungue huku mchicha, dagaa na maharage vikiongezeka, kwa sababu protini na nyuzinyuzi hushibisha kwa muda mrefu. Siku ya kazi nzito kweli, kama mbio ndefu au kulima kutwa, nusu ya kalori zinazoonyeshwa na saa inaweza kurudishwa.

Hata hivyo mazoezi yasiachwe. Kunyanyua vitu vizito huzuia misuli isipotee pamoja na mafuta, na Wamarekani walioandikishwa katika daftari la kitaifa la waliofaulu kupunguza uzito, lililoanzishwa mwaka 1994, kwa kawaida hueleza kwamba hufanya mazoezi kiasi cha saa moja kwa siku ili uzito usirudi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, kinatosha kuanzia.

Mizani ipandwe asubuhi baada ya kwenda haja, na wastani wa wiki ndio ulinganishwe, kwa kuwa chumvi na maji hugeuza uzito wa siku moja kwa kilo nzima. Wiki ya kwanza hushusha maji zaidi kuliko mafuta. Wastani usiposhuka kwa wiki tatu, kalori 150 zaidi zipunguzwe, na akifika kilo 80 hesabu ifanywe upya, maana mwili huo utahitaji kama 140 pungufu kwa siku.

Mama yake, ambaye ni dada wa mjomba, akitamani kumfuata, asipewe hesabu hii kabla hajaonana na daktari wa kliniki yake: anachoma insulini, na chakula kikipungua bila dozi kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia.

Wasalaam,
Mjomba