Rafiki wa steringi

Wadau, kuna jamaa mnamjua sura ila jina hamlijui. Braveheart ya 1995, yule bonge mwenye ndevu nyekundu, swahiba wa Mel Gibson tangu utotoni, wanarushiana mawe? Ndiye huyo. Kwenye Harry Potter ni yule mwalimu mwenye jicho la bandia linalozunguka lenyewe. Anaitwa Brendan Gleeson, mtu wa Dublin, Ireland, kazaliwa 1955.

Mwenzenu nilivutiwa na umri. Huyu alikuwa ticha wa sekondari, anafundisha Kiingereza na Kiirishi, kuigiza anaiba muda tu. Ualimu kaja kuuacha 1991, miaka thelathini na kitu, ana familia. Huku kwetu umri huo wanakwambia kaka umechelewa, wapishe madogo.

Sura nayo si ya kubandikwa kwenye bango. Hollywood wakampa za pembeni, rafiki wa steringi, mara askari, mara jambazi. Usteringi alikuja kuupata nyumbani, The General ya 1998, anacheza Martin Cahill, mwizi wa kweli wa Dublin. Cheki anavyojiziba uso kwa kiganja. Muongozaji, John Boorman, akabeba tuzo Cannes.

Ila kwangu mimi ni In Bruges ya 2008. Wauaji wawili wa kukodiwa wamejificha Ubelgiji, yeye na Colin Farrell. Bosi anampigia simu: muue mwenzako. Anamfuata bustanini na bastola, anamkuta dogo mwenyewe yuko mbioni kujipiga risasi. Na yule aliyekuja kuua ndiye anayemzuia! Sura inabadilika palepale, hasemi hotuba yoyote. Kijana wa miaka ishirini asingeiweza ile, nabisha na yeyote.

Kuna msanii wa hapa Bongo, jina nalihifadhi, kagoma kucheza eti hakupewa usteringi. Mwenye namba yake amtumie hiyo sini.

2022 wakarudi wote wawili kwenye The Banshees of Inisherin, Gleeson ni mzee mpiga fidla anayemwambia rafiki yake sikutaki tena, basi. Akateuliwa Oscar kwa mara ya kwanza, ana miaka 67. Tuzo ikaenda kwa Ke Huy Quan. Na ile fidla anaipiga mwenyewe, hajaigiza.

Nyie mlimwona wapi kwanza?