Bandubandu Huisha Gogo

Swali la leo laonekana jepesi: je, madini ni rasilimali inayojirejesha au isiyojirejesha? Ukiwa na mtihani kesho, andika "isiyojirejesha", nawe utapata alama yako. Lakini raia hatosheki na jibu. Yampasa kuijua sababu yake, kwani haki zake zinaiegemea sababu hiyo.

Tuanze na kiambishi "ji". Katika "kujirejesha", kiambishi hicho chatuonyesha kwamba kitu hurudi chenyewe. Mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika huzaana. Tukiwaacha wapumzike, huongezeka. Madini hayazaani. Mawe yenye madini adimu ya Gakara, vilimani kusini mwa Bujumbura, yaliumbika kwa mamilioni ya miaka. Ardhi ingali yaunda mengine, ila kwa mwendo usiomfaa mjukuu wako wala kitukuu chako. Basi kipimo ni hiki: je, kitu hurudi kwa kasi ile ile tunayokichukua?

Huenda ukanipinga kwa mfano wa mto Ntahangwa. Mchanga ukichotwa leo, mvua ikinyesha, mto huleta mwingine. Je, huo haujirejeshi? Uliza kwanza umetoka wapi. Umetoka milimani, kwenye udongo wa mashamba, na kwenye kingo ambazo maji huzimega hadi nyumba zikabomoka. Kilichorejea bondeni kimetoweka mlimani. Au utanitajia dhahabu: pete kuukuu huyeyushwa ikawa kipuli kipya. Ni kweli, lakini huko ni kukitumia tena kilichokwisha kuchimbwa. Mgodini hakuongezeki hata punje moja.

Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Ikiwa gogo litakwisha, raia hana budi kuuliza: tumepata nini kwa kila kipande kilichobanduliwa? Gakara ilianza kuchimbwa enzi za utawala wa Ubelgiji, na uchimbaji ukafufuliwa mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali ya Burundi iliusimamisha, ikitaka taifa lipate fungu linalostahili. Hapo neno la kitabu cha jiografia likawa jambo la mkataba. Mkulima aliyeuza mahindi yake kwa bei duni aweza kujirekebisha msimu ujao. Taifa lililouza madini yake kwa bei duni halina msimu ujao.

Hata hivyo, ipo njia ya kuyafanya madini yadumu, nayo ni kuyabadilisha yawe vitu vinavyozaa. Fedha ya mgodi ikijenga shule, mwanafunzi wa leo atamfundisha wa kesho. Ikipanda miti kwenye miteremko iliyochimbuliwa, miti itaotesha mingine. Ikiliwa yote mwaka huu, tutabaki na shimo. Na ili tujue imekwenda wapi, sharti hesabu ziwe wazi, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Zoezi lako, msomaji: tafuta habari ya mgodi mmoja katika nchi yako. Andika aya moja ya Kiswahili ueleze kinachochimbwa, anayenufaika, na kitakachobaki siku mgodi utakapofungwa. Usipolipata jibu la swali la mwisho, umegundua swali la kumwuliza kiongozi wako.