Jiko la Msafiri

Moto ni sahibu wa msafiri maadamu umekaa nje ya mlango wake. Ukikaribishwa ndani hujifanya mwenye nyumba. Hukumu hii huwapata watu wawili ambao kazi zao huonekana kuwa mbali mbali: baharia wa chombo kidogo cha tanga na dereva wa lori. Kila mmoja hupika na kulala mahali pa hatua chache, na moto ukiasi hana chumba cha pili cha kukimbilia.

Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ni bandari isiyo na maji. Mji huu watazamana na Nakonde ya Zambia, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka mpaka hapo. Malori yachukuayo mafuta na bidhaa za Zambia na Kongo hutia nanga katika mstari, yakingoja hati. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani ili nchi mbili zikague mizigo mahali pamoja, lakini foleni hazikutoweka. Angojaye hula, na alaye kila siku kwa mama ntilie huona posho yake ikiyeyuka kabla ya safari kwisha. Ndiyo sababu wako madereva wachukuao jiko lao wenyewe.

Dereva mmoja, mtu wa pwani aliyekuwa baharia wa jahazi katika ujana wake, alisimama sokoni hapo pamoja na utingo wake. Kijana alikuwa amekwisha chagua.

“Mzee, tuchukue gesi. Chai tayari kabla hujanawa uso.”

“Usiniambie lipikalo upesi, mwanangu. Niambie kila moja litatudhuru kwa njia gani.”

Swali hilo ni mizani ya haki. Wema wa jiko hutangazwa na muuzaji. Ubaya wake mnunuzi hana budi kuutafuta mwenyewe.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikaenda zake, bali huteremka kama maji yasiyoonekana na kutuama chini: katika chombo hujaa ngamani, katika lori hujaa sakafuni, ikingoja cheche moja. Harufu yake mbaya hutiwa kwa makusudi ili iwe mlinzi, lakini mlinzi huyo hana hakika ya kumwamsha aliyelala.

Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka upesi kama petroli, na kwa sifa hiyo yametumika miaka mingi katika vyombo vidogo, hasa baada ya Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden kubuni jiko la pampu mwaka 1892. Ila jiko likipinduka mafuta humwagika na moto huyafuata. Na yakichanganywa na petroli, hata kidogo, sifa yote huharibika.

Mkaa haulipuki wala haumwagiki. Kwa hiyo ndio uaminiwao kuliko vyote, na imani hiyo ndiyo mtego wake. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Aliyekwisha kupika huona makaa bado mekundu, akahurumia joto lipotealo, akaliingiza jiko katika chumba cha lori na kufunga vioo. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, viungo hulegea, usingizi huja, na asubuhi haimkuti mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee alikumbuka jiko la jahazi: sanduku la mbao lililojazwa mchanga, likawekwa mahali pa wazi, mbali na tanga. Mabaharia hawakuwa na moto mpole kuliko wa watu wengine. Walikuwa na mahali pake.

Basi akanunua gesi. Kijana alicheka akidhani ameshinda, lakini mzee alikuwa na hoja nyingine: moto wa gesi ukifungwa hufa papo hapo, wala hauachi kaa la kumshawishi mwenye baridi. Akaweka na masharti. Mtungi ukae nje ya chumba, katika sanduku lenye matundu chini ili gesi ivujayo ipate njia. Maungio yapakwe povu la sabuni, na povu likichemka, jiko lisiwashwe. Tena, po pote penye lori la mafuta, sufuria ihamie mbali. Barabara hiyo hiyo hupita Morogoro, ambako tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na watu zaidi ya 100 wakafa.

Kisha, kabla ya kutoka sokoni, alinunua blanketi zito la pili. Utingo aliuliza blanketi linahusianaje na jiko. Mzee akamjibu kwamba aingizaye makaa chumbani hatafuti ugali, hutafuta joto. Asiyepewa joto kwa njia moja atalifuata kwa nyingine.