Risasi ya Mshipi

Kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa katika ofisi ya parokia, lakini leo nawaleteeni habari nyingine, tena ya aibu kidogo.

Ninaye rafiki, mzee mvuvi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, nasi hula sahani moja. Ndiye aliyenifundisha kusubu chubwi za mshipi. Mwajua kwamba risasi ni jina la madini, si la kile kitokacho bundukini tu. Na wawindaji wa bara wenye magobori huisubu vivyo hivyo. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 327, basi moto wa kuni watosha. Mzee huitia katika kopo la chuma, huondoa taka zinazoelea juu, kisha huimimina katika kalibu ya udongo, na katikati husimamisha msumari ili libaki tundu la kupitishia mshipi.

“Kalibu ikiwa na unyevu, mwanangu, usimimine,” aliniambia. “Itakurukia usoni.” Ni kweli. Maji hugeuka mvuke ghafula na kuirusha risasi juu. Kovu la mguuni mwangu lashuhudia kwamba mara moja nilifanya haraka.

Lakini kovu si kitu. Siku moja ya mvua nilisubu jikoni kwangu, katika sufuria ya mke wangu, kwa mabamba ya betri kuukuu ya gari. Binti yetu wa miaka mitatu alikaa karibu, akiokota matone yaliyong’aa kama fedha. Nilipomaliza mama yake akaniuliza, “Baba watoto, sufuria hii nipikie uji?” Nami nikajibu, “Ioshe tu.”

Usiku sikupata usingizi. Chuoni nilifundishwa kwamba risasi ni sumu, nikaiandika katika daftari, nikafaulu mtihani, basi ikabaki humo daftarini! Vumbi lake na moshi wake huingia mwilini kwa pumzi na kwa vidole vinavyotiwa kinywani. Mwili wa mtoto huipokea kuliko wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua, hata akawa mzito wa kujifunza, wala wazazi wasione dalili. Hakuna kiasi kijulikanacho kuwa ni salama kwake. Na mabamba ya betri ndiyo mabaya kupita yote, kwa vumbi lake na tindikali.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu watu wa mtaa mzima. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aliona mwanawe mchanga anaugua, akapimwa, ikaonekana risasi damuni. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka 2024.

Asubuhi niliitoboa sufuria ile, nikaizika. Mke wangu alinitazama tu. Mtoto tumempeleka hospitali, damu imechukuliwa, na majibu tunayangoja bado.

Ikabaki kwenda kwa mzee. Nilisitasita, maana kumfundisha mtu aliyekufundisha ni jambo zito, tena nyumbani kwake. Nikamkuta anasubu uani, na mjukuu wake ameshika chubwi mkononi.

“Nimefanya haya tangu utoto,” alisema, “na mbona mimi mzima?”

Sikubishana naye. Nilimweleza habari za sufuria na za binti yangu, bila kuficha. Akanyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu, akamnyang’anya ile chubwi, akamwambia aende akanawe kwa sabuni. Kopo na kalibu akavichukua mwenyewe hadi ufuoni, mbali na nyumba, upande unakokwenda upepo, akaniita nimfuate na kuni.