Nyota za Vuli na Kibla

Vuli imetuingilia. Kusi imekwisha nguvu, kaskazi haijashika, na pepo zapishana huku na huku mpaka mabaharia wakauita wakati huu tanga mbili. Mvua yake si ya masika: hunyesha kwa kishindo, kisha mawingu yakatawanyika na mbingu ikabaki safi. Usiku wa namna hiyo ndio wa kuwatoa watoto uani wakatazame nyota.

Tuna sababu ya kusema haya, wala si sababu ya fahari. Mwezi wa Novemba 2019, mwisho wa Mfungo Sita 1441, tulikwenda kuzika katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Mombasa. Vuli ya mwaka ule ilizidi mno. Njia zikajaa maji, tukalazimika kulala matangani. Ulipoingia wakati wa Isha tukatangulizwa kusalisha uwanjani. Tulikuwa tumeliona jua likizama, tukashika kwamba pale ndipo magharibi; tukapaelekeza bega la kushoto, tukahirimia. Hakuna aliyetuuliza, kwani ni nani amwulizaye mwalimu?

Baada ya sala mzee mmoja mvuvi, asiyejua kusoma, alitukaribia akasema kwa upole, "Mwalimu, leo tumeelekea bara." Tuliona haya na, tusifiche, tulikasirika. Tukamjibu kwamba jua huchwa magharibi. Akasema, "Huchwa magharibi, lakini wakati wa vuli lapotelea kusini. Na tungoje nyota tatu zipande."

Kutimia saa tatu zilikuwa juu ya bahari, zimepangana mstari mmoja. Watu wa falaki huziita mshipi wa Jabari. Nyota hizo huzuka mashariki hasa na kuzama magharibi hasa, mwaka mzima. Jua hufanya hivyo mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba; mwisho wa Novemba huwa limekwisha sogea kusini kiasi cha digrii 20. Mzee akazielekea nyota, akanyosha mkono wa kushoto, akasema, "Kibla huku." Na kweli, kwetu sisi wa Mombasa Makka iko kaskazini moja kwa moja. Tulikuwa tumepotoka kadiri ya shubiri, ukiinyosha mbele ya uso.

Aya ya Sura ya An-am itajayo nyota kuwa viongozi wa wasafiri tulikuwa tumeisomesha miaka mingi, nasi hatukuwahi kuinua kichwa. Tukawaambia wenzetu kosa letu, na ulimi ulikuwa mzito. Wengine walisema jiha yatosha, na wana wanazuoni wao. Sisi moyo haukutulia, tukarejea sala.

Tangu hapo kila vuli twawatoa wanafunzi nje. Novemba, baada ya Magharibi, huzuka Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya, mashariki kwa upande wa kaskazini. Wengi huhesabu nyota sita, wenye macho makali hudai saba. Baadaye huja Suheli kwa upande wa kusi. Ile Nyota ya Kaskazini inayosifiwa vitabuni, sisi tulio kusini ya ikweta hatuioni, basi watoto wasiambiwe waitafute.

Mwaka jana binti mmoja wa miaka tisa alimwambia babake kuwa mswala wa ukumbini kwao umepinda. Baba alitujia amekunja uso. Tukamwomba angoje saa tatu.