Kutoka Namanga hata Tunduma

Iko njia katika nchi ya Tanzania iliyo mfano wa uti wa mgongo. Kichwa chake ni Namanga, mpakani mwa Kenya. Mwisho wake ni Tunduma, penye lango la Zambia. Na urefu wake wapata kilomita 1,200. Zamani za Waingereza iliitwa Barabara Kuu ya Kaskazini.

Lakini uti huo ulikuwa na kasoro katikati. Toka Babati hata Iringa palikuwa udongo mtupu, na masika malori yalikwama matopeni. Kwa hiyo wengi waliotoka Arusha kwenda Dodoma walizunguka hata Chalinze, karibu na pwani, ndipo wakageuka kurudi bara. Mwaka 2018 lami ikazinduliwa: kilomita 251 za Babati na Dodoma, na kilomita 260 za Dodoma na Iringa.

Sisi tulipoifuata tulipanda Bereku, tukashuka Kolo, ambako wazee wa kale waliacha michoro miambani. Tangu 2006 yamo katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika vijiji vile ndipo tulipoingiwa na fikira. Zamani gari lilikuja likiyumba, na vumbi lake lilionekana mbali, hata mtoto akapata nafasi ya kukusanya mbuzi wake. Basi la leo halina vumbi. Sheria yaamuru mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Lakini kibao hakishiki usukani, na watoto wa shule hupita ukingoni asubuhi na jioni. Walimu wa huko wana somo jipya la kufundisha, nalo haliwezi kungoja mwisho wa muhula.

Mbele ya Dodoma tulivuka juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, unaozuia maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme. Samaki wa kukaanga huuzwa pale, nasi hatukuwapita!

Chini ya mji wa Iringa njia yaungana na ile itokayo Dar es Salaam, na hapo utulivu umekwisha. Makambako, Mbeya, Vwawa: kote ni malori. Na huko Tunduma husimama safu ndefu, mengine yamebeba shaba, madereva wakipika chai kando ya magurudumu, wakingoja zamu.